Kati ya Kitovu na Magoti

"Panauma wapi?"

Dresa, mhudumu wa zahanati, aliuliza mara tatu, na mara zote tatu ni mimi niliyetakiwa kujibu, ingawa mgonjwa sikuwa mimi. Mgonjwa alikuwa mama yangu mdogo, Leokadia, aliyekaa kwenye benchi nyuma yangu ameinama, mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Mimi nilikuwa mdomo wake. Kwetu, upande wa Milanzi, mwanamke aliyekwenda zahanati ya mjini hakusema mwenyewe mambo ya mwili wake mbele ya dresa. Alichukua mtoto wa shule amsemee. Wengine walidai ni kwa sababu ya Kiswahili, maana nyumbani tulizungumza Kifipa, lakini hata wanawake waliokijua Kiswahili vizuri walifanya hivyohivyo, na mama mdogo alikuwa mmoja wao. Sababu yenyewe ni kwamba mdomo wa mtoto hauhesabiwi. Likitoka neno zito, ni mtoto tu amesema.

Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Mama mdogo aliwaacha dada zangu wawili wakubwa, akamwacha bibi ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima, akanichukua mimi. Nilijivuna njia nzima. Darasani nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na sikuwa na shaka kwamba ndiyo sababu.

"Tumbo," nilimjibu dresa.

"Tumbo ni pana kama debe. Wapi?"

Nikageuka, nikamwuliza mama mdogo kwa Kifipa. Akashusha kidevu kidogo, basi. Nikaangalia pale mkono ulipojificha: chini ya kitovu, kulia, juu kidogo ya mahali mguu unapoanzia. Nilipaona. Ningeweza kupagusa kwa kidole nikiwa nimefumba macho. Jina ndilo sikuwa nalo.

"Chini," nikasema.

"Chini wapi? Miguuni?"

"Chini ya tumbo."

"Chini ya tumbo kuna benchi," dresa akasema, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, hata wale waliokuwa wakitetemeka kwa homa. Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika minyoo, akatukabidhi haluli, dawa ya kuharisha, iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. "Haya, mwingine!"

Dresa yule alinuka sabuni ya karboliki. Miaka mingi baadaye, siku yangu ya kwanza katika chumba cha anatomia chuoni, mlango ulipofunguliwa harufu ile ilinipiga usoni kabla sijaona meza wala maiti, na swali likarudi na sauti yake ileile. Wenzangu walidhani naogopa maiti. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, na ninaandika nikiwa nayo, kwa hiyo anayependa kumbukumbu za utotoni zilizotiwa sukari akasome za mtu mwingine.

Ninyi mliosoma shule za misheni miaka ile mtanielewa. Somo la mwili tulifundishwa hivi: mwalimu alimpandisha mtoto mmoja juu ya kasha tupu la sabuni, akashika fimbo yake ya ubaoni, akawa anamgusa huku na huku nalo darasa linaitikia jina kwa pamoja. Mwaka ule aliyepandishwa kashani nilikuwa mimi. Utosi. Paji la uso. Kidevu. Shingo. Bega. Kiwiko. Kifua. Tumbo. Fimbo ilishuka mwilini mwangu kama mtu anayeteremka ngazi, na kila iliponigusa nilihisi kwamba ndiyo kwanza naanza kuwapo pale. Ilipofika kitovuni ikainuka. Ikapita hewani. Ikatua mguuni. Goti. Muundi. Kisigino. Wenzangu waliitikia bila kukosea hata pumzi.

Nilibaki juu ya kasha nikitazama sketi yangu. Kati ya kitovu na magoti nilikuwa sipo.

Sikuuliza siku ile. Nilijitungia jibu mwenyewe, nalo lilikuwa la kijinga kabisa: niliamini kwamba sehemu ile haina jina kwa sababu haijakamilika, kwamba sisi watoto wa kike hukamilishwa baadaye, na siku hiyo ndipo jina hutolewa, kama la ubatizo. Somo la jiografia ndilo lililonitia mashaka. Kwenye ramani tulitakiwa kujua kila kijiji cha ziwani, Kirando, Kabwe, hata ufuko wenye vibanda vitano vya kuanikia dagaa ambako hakuna mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Ukisahau kimoja, unachapwa. Kwa hiyo mahali pa mbali namna ile palikuwa na jina, na mahali ninapotembea napo kila siku hapana?

Haluli ilimmaliza mama mdogo. Siku mbili alikuwa wa kwenda chooni na kurudi ameshika ukuta, uso umekuwa rangi ya majivu. Alilala katika chumba chetu cha wasichana, na kila bibi alipoingia kumjulia hali aligeukia ukutani akasema ni baridi tu imemwingia. Kwetu baridi ni kisingizio kizuri. Upepo wa Ufipa unaweza kusingiziwa chochote. Mimi aliniapisha nisimwambie mtu mkono wake ulikuwa wapi siku ile ya zahanati. Nikaapa. Sikuelewa kwa nini.

Mwezi uliofuata alikuwa aende kwa masista kuanza unovisi, mafunzo ya utawa. Sanduku lake la bati lilikuwa tayari chini ya kitanda, lina shuka mbili, taulo, na rozari aliyopewa na paroko. Familia nzima ilitembea kifua mbele kwa ajili ya sanduku lile. Mama yangu alilipangusa vumbi kila asubuhi.

Siku ya tatu nilimpelekea uji wa ulezi, nikamkuta anauma ncha ya kanga asipige kelele. Meno yalikuwa yamekwisha kutoboa kitambaa. Hapo nilielewa, kama mtoto anavyoelewa, bila hatua za katikati, kwamba mama mdogo atakufa. Na kwamba atakufa kwa kukosa neno moja ambalo mimi, mdomo wake, nilishindwa kumpatia.

Asubuhi ile nilikwenda shule nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, pale fimbo inaporuka panaitwaje?"

Mwalimu Dominika alikuwa mwanamke mwema, nasema hivyo bila kejeli. Alitupikia uji kwa mikono yake. Lakini shingo ilimsimama kama ya jogoo.

"Inaporuka wapi?"

"Kutoka tumbo kwenda goti."

"Pale hapahitajiki darasani."

"Na mtu akiumwa pale?"

"Mtu mwenye adabu haumwi pale."

Nilipigishwa magoti kwenye changarawe mpaka kengele ya mchana. Wenzangu walipita wakinong'ona na kunicheka. Mimi nilitazama magoti yangu. Yalikuwa yanavuja damu, lakini angalau yalikuwa na jina.

Bibi alinikuta uani nikitoa mawe madogomadogo kwenye ngozi. Akataka kujua kosa, nikamweleza. Akakaa chini karibu yangu.

"Nani anaumwa pale?"

"Hakuna, bibi. Ni la shule tu."

Alinishika kidevu, akanitazama machoni. Nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nilimtazama na mimi. Mwishowe akainuka, akajipangusa vumbi, akasema nimfuate.

Nyuma ya mashamba yetu lilisimama tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, ilungu kwa lugha yetu. Ufipa yako mengi, yamesimama peke yake nyikani kama watu walioambiwa wangoje wakasahauliwa. Lile lilijengwa na babu na wenzake kwa udongo wa kichuguu, refu kuliko mtu aliyempanda mwenzake mabegani, pana chini na jembamba juu. Kuzunguka kitako chake kulikuwa na matundu ambamo zamani walichomeka mirija ya udongo ya kuingizia upepo, na mbele palikuwa na tundu kubwa zaidi, mlango, ambamo chuma kilitolewa. Lilipoa kabla sijazaliwa. Majembe ya dukani ndiyo yaliyolizima.

Bibi alipiga kiganja kwenye udongo kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Hiki ni kifua. Hapa ni chini ya mbavu. Hiki ni kiuno." Mkono ukashuka bila kuruka. "Na hapa, juu ya mlango..." Akataja. Neno la Kifipa, fupi, la kawaida kama jina la mboga. "Huku pembeni kulia na huku kushoto napo pana majina yake." Akayataja hayo pia. Akanitajisha mara mbili.

"Mbona hunionyeshi mwilini kwako?"

"Mwili wa mtu una mwenyewe. Hili halina haya. Mkunga aliyenifundisha alinileta hapahapa, na mimi nimewaleta wengine."

Akaniambia kwamba enzi za babu, kabla ya moto wa kwanza, wanaume walilipamba tanuru kama bibi harusi. Na likiwaka, mwanamke alikatazwa kusogea.

"Bibi harusi gani huyo," nikauliza, "ambaye wanawake wanakatazwa kumwona?"

"Wa kwao."

"Na ninyi mkakubali?"

Bibi akacheka mpaka akaegemea udongo. "Tulisubiri lipoe."

Nikamwuliza habari ya mirija. Akasema mirija ndiyo roho ya tanuru. Mmoja ukiziba moto unakimbilia upande mmoja, na tanuru laweza kupasuka. "Fundi akiona hivyo hangoji kesho," alisema. Kisha akanionya nisithubutu kuyataja majina yale mbele ya wanaume.

"Na nikiwa naumwa?"

"Utanitafuta mimi."

Ndilo jambo ambalo mama mdogo hakutaka kulifanya, na mimi nilishindwa kulifungua fumbo hilo, nikaliacha. Nilipiga magoti yangu mabovu, nikachungulia kitakoni mwa tanuru. Upande wa kulia mrija mmoja ulikuwa ungali umechomekwa, umevunjika ncha, umejaa udongo na mizizi. Sikuhitaji mwalimu tena. Ndani ya mama mdogo Leokadia, chini kulia, mrija mmoja wa udongo ulikuwa umeziba.

Sasa nilikuwa na jina, lakini dresa hakujua Kifipa. Alitoka mbali, nadhani Tabora, na alitutazama kama watu waliokaa juu ya mlima kwa ubishi tu. Nilihitaji jina la Kiswahili. Alasiri hiyo nikateremka mjini, dukani kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura na mumewe walikuwa na duka la kanga, chumvi na majembe, na lori lililoleta dagaa kutoka Kirando. Wazee wake walikuja kutoka Pwani kupitia Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyopigwa pasi. Mama mdogo alimshonea nguo za wateja barazani pake, mwaka mzima sasa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Leokadia hajambo? Cherehani yake imelala siku ya nne."

Nikaangalia kama kuna mtu. Kulikuwa na wateja wawili. Nikauliza hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida, kwamba hapa, nikapagusa, panaitwaje kwa Kiswahili.

Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa.

"Nani amekutuma uniulize hilo?"

"Sijatumwa."

"Leokadia?"

"Hapana. Yeye hajui nimekuja."

Aliniangalia kwa namna ambayo niliichukulia kuwa mshangao, mtoto wa Kifipa kuuliza swali kama lile. Akawamaliza wateja wale haraka. Kisha akasimama mbele yangu, mlango wa duka uko wazi na watu wanapita, akaweka kiganja juu ya kanga yake mwenyewe.

"Hapa kati, juu, ni chembe cha moyo. Hapa kitovu. Hapa ubavuni ni kiuno, na mfupa huu ni nyonga. Na hapa chini ya tumbo, mpaka pale, ni kinena. Sema."

"Kinena."

"Usininong'oneze, sikuuzii bangi."

"Kinena!"

"Eee. Umekufa?"

"Sijafa."

"Umeona basi."

"Mbona mwalimu wetu hasemi?"

"Mwalimu wako kinena anacho au hana?"

"Sijui."

"Anacho. Muulize anakificha wapi." Tukacheka wote wawili. Yeye aliacha kucheka kwanza. Akanishika bega, vidole vikaniingia. "Kesho zahanati ikifunguliwa tu, nenda na Leokadia ukalitaje. Kesho, mwanangu. Usimwachie yeye."

Asubuhi mama mdogo alikataa kwenda. Nikamwambia: haya, basi namwambia bibi mkono ulipokuwa. Alinitazama kama nimemchoma na kijinga cha moto, halafu akainuka, akajifunga kanga mbili. Njiani tulisimama mara nne. Mara ya nne alikaa chini katikati ya barabara, na mimi nikawa nasema moyoni neno langu kama mtu anayebeba yai mdomoni.

Foleni ilikuwa ileile. Wanawake walewale, dresa yuleyule, penseli nyuma ya sikio.

"Panauma wapi?" alisema bila kuinua kichwa.

"Kwenye kinena."

Kichwa kikainuka. "Umesemaje?"

Nilikuwa nimezoea kasha, nadhani. Nilipanda kwenye ncha ya benchi ili anione. "Kwenye kinena! Upande wa kulia, karibu na nyonga. Mrija umeziba!"

"Yesu na Maria!" mtu akasema nyuma yangu.

"Mtoto wa nani huyu? Mzibeni mdomo!"

"Ndiyo shule hiyo mnayowapeleka."

"Kwani amesema uongo?" Huyo alikuwa kikongwe mmoja mwishoni mwa foleni, hana jino hata moja. "Wewe unayepiga kelele, kwani huna?"

Dresa alinyoosha mkono kunyamazisha watu. Mdomo wake ulikuwa unacheka. "Mrija gani, we mtoto? Mama yako mdogo ni karabai?"

"Karabai ikiziba unaipa haluli?"

Nilijua atanipiga. Badala yake alimtazama mama mdogo, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kwenda pale. Alitazama midomo iliyokuwa haina damu, na mkono. Akaweka penseli mezani.

"Mtoeni mtoto," alisema.

Waliniweka nje ya pazia. Nilimsikia akimwambia alale. Nilimsikia mama mdogo akilia mara moja, sauti fupi. Kisha dresa akauliza kitu kwa sauti ya chini sana, na mama mdogo akajibu. Alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mtoto. Maneno sikuyapata.

Dresa alitoka mbio. "Nani ana lori mjini leo?"

Lilikuwa la mume wa Bi Zuhura, limefika alfajiri kutoka Kirando, bado limejaa magunia ya dagaa. Bi Zuhura mwenyewe alisimama barabarani akaamuru yashushwe, akaleta godoro la kitanda chake, akapanda nyuma na kukiweka kichwa cha mama mdogo mapajani pake. Hospitali ya misheni yenye daktari wa kupasua ilikuwa mwendo wa nusu siku. Nilipopanda alinitazama.

"Umelisema?"

"Nimelisema."

"Wamesikia wote?"

"Wote," nilisema kwa fahari.

Bi Zuhura alifumba macho. "Basi," akasema. "Kaa hapo ushikilie mguu wake."

Alipasuliwa jioni ileile. Akapona. Hakuna aliyenieleza alikuwa na nini, ila mama yangu alikwenda kumwuguza akarudi amezeeka, na bibi akakaa nje siku nzima bila kumjibu mtu. Wiki kadhaa baadaye mama mdogo akarudishwa na lori, mwembamba, ana kovu refu alilolificha hata wakati wa kuoga. Kwa masista hakwenda. Sanduku la bati lilibaki chini ya kitanda mpaka likaanza kuwekewa nyuzi na vifungo. Mimi nilijieleza jambo hilo vizuri sana: niliamini masista hawapokei mwanamke aliyepasuliwa, kama vile Bi Zuhura asivyopokea kitambaa ukishakikata. Nilimwonea huruma kwa ajili ya kovu. Nilishangaa tu kwa nini wanawake wa foleni, walipokutana naye kanisani, walisogea kidogo kwenye benchi.

Jumamosi ya kwanza baada ya siku ile ya zahanati, baba aliniamuru nikaungame neno nililolipigia kelele mbele za watu. Nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye kiungamio nikamwambia padri kwamba nimetumwa kuungama, lakini sina dhambi ya kutaja, kwa sababu kinena si tendo, ni mahali, kama Kirando. Padri alikohoa nyuma ya wavu. Kisha akaniuliza kama niliwajibu wazazi vibaya. Nikasema hilo ndiyo. Akanipa Salamu Maria tatu kwa hilo. Nilizisali zote, na nikitoka sikuwa nimerudisha neno langu hata herufi moja.

Nililibeba mpaka chuoni. Mhadhiri alichora kwa chaki tumbo la mtu, akapitisha mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, pakatokea vyumba tisa, na kila chumba kikapewa jina lake: chembe cha moyo na ubavu wake wa kulia na wa kushoto, kitovu na viuno vyake, kinena na nyonga zake. Mkono wa mhadhiri ulishuka hatua kwa hatua. Haukuruka. Wenzangu wavulana walicheka kwenye safu ya chini, mimi nikasimama nikayataja yote tisa kwa Kiswahili, polepole, nikiwatazama. Nilifikiri hapo ndipo hadithi inapoishia.

Haikuishia hapo. Miezi michache baadaye nilisoma ukurasa juu ya mimba ambayo haifiki kwenye mji wa mimba. Inakwama njiani, katika mrija, kulia au kushoto, inakua pale mahali pembamba mpaka mrija unapasuka. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nje. Nilihesabu: sanduku la bati, masista, benchi la kanisani, uso wa ukutani kila mkunga alipoingia chumbani. Mrija wa kulia. Bibi na tanuru lake walikuwa wamenipa ukweli mtupu, na mimi nilidhani ni udongo.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwona mama mdogo. Siku hizi anaishi peke yake Milanzi, anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu aliyoinunua kwa jasho lake. Hakuolewa. Sikumwuliza mimba ilikuwa ya nani na sitamwuliza. Hilo ni lake. Nilikwenda na hotuba yangu tayari. Nilimwambia kwamba nimesoma, kwamba sasa najua, kwamba ninyi nyote mlinipigisha magoti kwa ajili ya neno ambalo, kama ningelijua siku ile ya kwanza, lingekuondolea siku nne za mateso. "Ulikaribia kufa kwa kukosa neno," nilisema.

Hakuacha kukanyaga cherehani. "Nani alikwambia nililikosa?"

Nikaweka begi langu chini.

"Bi Zuhura alinifundisha hayo yote kabla yako, tukishona pale barazani. Alipojua hali yangu, yeye ndiye aliyenihimiza niende zahanati. Nilikwenda nalo mdomoni, mwanangu. Lakini foleni ile niliijua tangu nyumbani. Nusu yao wa parokia yetu. Neno lile lingevuta swali la pili, na la pili lingevuta la tatu."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kufa."

"Nilikuwa tayari kunyamaza. Kufa sikukufikiria."

"Na nilipolitaja, ulinichukia?"

"Mwezi mzima." Akageuza pindo, akalinyoosha kwa kidole. "Halafu nikaona naamka kila asubuhi. Nikachoka kukuchukia."

Nilihisi hasira ikinipanda upya, ileile ya juu ya kasha, ila sasa sikujua nimwelekezee nani. Nikamwuliza: kama neno alikuwa nalo, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, na hakutaka litajwe, mimi alinipeleka kule kufanya nini?

Akakata uzi kwa meno.

"Ningekwenda peke yangu, wangeshangaa. Bibi yako angelitaja. Dada zako walikwisha kufundwa, wangelitaja. Nyumba nzima ile, asiyelijua ulikuwa wewe tu. Ndiyo maana nilikuchukua."